Mzabibu Katika Shamba la Mpunga

Ijumaa, mwisho wa Oktoba. Bujonde, Kyela.

Joto la leo ni lile la kumgombanisha mtu na nguo zake. Mvua bado, ila tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya Milima ya Livingstone, ng'ambo ile ya ziwa, na kila mwenye shamba hapa anayatazama huku jembe liko begani. Wiki hii watu wote wana haraka.

Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, naandika kwa simu. Udongo mweusi bado umo kwenye kucha zangu. Mliozoea kuja kwenye ukurasa huu kutafuta mapishi ya mbalaga, ndizi zetu za huku, na samaki wa ziwani, leo mnisamehe. Ndizi nimeziacha jikoni zikiwa zimemenywa nusu na sidhani kama zitaiva leo.

Leo baba mkwe wangu alikwenda kung'oa mizabibu yangu.

Nimeisoma tena sentensi hiyo na inaonekana kama yeye ndiye mkosaji. Siye. Asubuhi nilikuwa na hasira, sasa hasira imeondoka na nimebaki na majuto, na majuto yanataka kuelezwa taratibu. Kwa hiyo nianzie kwetu.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Baba yangu analima zabibu za mvinyo, siyo zile kubwa za kuwekwa mezani siku ya sikukuu. Shamba letu ni moja, limelala kwenye mteremko. Sehemu ya juu ni kokoto na mchanga mwekundu, hata nyasi zenyewe zinaota kwa kusitasita. Sehemu ya chini, karibu na korongo, udongo ni mzito, mweusi, laini. Mgeni yeyote ukimwambia achague atachagua chini.

Yule bwana aliyekuwa akinunua zabibu zetu kwa ajili ya mvinyo alikuwa akichagua juu. Anakuja na kofia yake pana, anaonja punje moja huku, punje moja kule, anatafuna hadi mbegu. Akifika chini anatema pembeni na kusema hizi pelekeni sokoni. Mbegu ni ileile, mizabibu ilipandwa siku moja, ilipogolewa na mikono ileile. Nikiwa mtoto nilidhani anatufanyia ujanja wa bei. Siku moja baba alinifumba macho kwa khanga ya mama, akanipa punje ya juu na punje ya chini, na nikajua bila kuambiwa. Ya juu ilijaa mdomoni na kukaa. Ya chini ilikuwa maji yenye sukari.

Baba hana maneno mengi kuhusu jambo hili. Husema mzabibu ukishiba unafuga majani. Ukiwa na kiu kidogo unateremsha mizizi, unapita katikati ya mawe kutafuta maji, na zabibu zinakuwa ndogo, ngozi nene, ladha imekusanyika. Kabla ya kupanda mahali popote alikuwa akichimba shimo, anamwaga ndoo ya maji na kusimama kando. Maji yakizama kabla hajamaliza kujifuta jasho, anapanda. Yakibaki pale yakimtazama, anahama.

Na kule mvua ni chache. Inakuja, inaondoka, kisha kiangazi kirefu chenye upepo mkavu. Mchana jua, usiku baridi ya kuvuta blanketi. Zabibu inapata sukari mchana, na ule ubaridi wa usiku unaitunzia uchachu wake kidogo, ambao ndio unaofanya mvinyo usiwe sawa na juisi ya kopo. Haya nimeyajua kabla sijajua kusoma.

Sasa chukua yote hayo, uyapindue chini juu. Hapo umefika Kyela.

Hapa mvua ikianza inasahau kuondoka. Mto unafura, unaingia mashambani, unaacha tope jeusi ambalo watu wanalipokea kwa furaha. Mpunga unanukia hadi barabarani, kakao inazaa kwenye kivuli cha migomba, na fimbo ukiichomeka ardhini kwa utani inachipua. Usiku hauna baridi. Hewa ya ziwa imejaa maji, nguo zinalala kwenye kamba na asubuhi bado ni mbichi. Ni nchi nzuri, nimeipenda, imeninenepesha. Ila siyo nchi ya mzabibu.

Nilipoolewa na Lusajo, mama yake alinikalisha chini akanieleza mila ya nyumba hii. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamsalimii, hali naye, hamtaji jina, hamwangalii usoni. Wakionana njiani, mwanamke anaingia kichakani hadi mzee apite. Wenyewe wanaita ukutila. Nyumba nyingi siku hizi zimeacha, nina shoga yangu upande wa Njisi anayebishana mpira na baba mkwe wake meza moja. Lakini mzee wetu ni mtu wa kanisa na mtu wa mila kwa pamoja, na kwenye mji wake mambo yanakwenda yalivyokuwa yakienda.

Hombolo sikuwa mwanariadha. Hapa nimejifunza kuruka ndani ya migomba nikiwa na ndoo ya maji kichwani na nisimwage.

Kwa hiyo baba mkwe namjua kwa kikohozi chake, kwa redio yake, na kwa mgongo wake ukiondoka kwa kuchechemea. Miaka yote hii ya ndoa yangu sijawahi kumpa shikamoo.

Siku naletwa huku, baba yangu alikata vipando vya mzabibu, akavifunga kwenye gunia bichi, nikavibeba kwenye basi kutoka Dodoma hadi hapa huku nikivinyunyizia maji kila tuliposimama. Nia yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka mche mmoja au miwili kando ya nyumba, utambae kwenye miti, nikikumbuka kwetu niangalie jani lake. Nikamkabidhi mama mkwe, maana mgeni hapandi kitu kwenye mji wa watu bila kuruhusiwa.

Baba mkwe akasikia. Kesho yake kabla jua halijachomoza alikuwa ameshapima shamba la chini.

Shamba la chini ndilo shamba la nyumba hii. Ni lile aliloachiwa na baba yake, kando ya mto, udongo wake mweusi unashika maji hata mwezi ambao mashamba ya wengine yanapasuka. Mpunga wa pale haukuwa wa kuuza, ulikuwa wa wageni, wa harusi na wa misiba. Akaukatia mzabibu kipande cha katikati kabisa. Watu walimcheka. Mama mkwe aliniambia jibu alilowapa: mkwe wangu ameleta mti wa kwao, mnataka niuweke pembeni kama bangi?

Hakunipa mabaki. Alitazama ardhi yake yote akanipa ile bora, kwa kipimo cha watu wa hapa, ambao ardhi bora kwao ni ile isiyokauka.

Nilikwenda kuona pale alipopanda. Shimo lililochimbwa pembeni lilikuwa tayari lina maji, na hayakuwa ya mvua, yalikuwa yanatoka chini. Jioni ileile nikamwambia Lusajo, tafadhali mfikishie baba, udongo ule ni mzuri mno, mizizi itaoza, naomba kipande kibovu chochote. Lusajo kazi yake ni kuvusha mizigo mpakani Kasumulu, alikuwa anaondoka alfajiri, akamwachia mama yake ujumbe. Baada ya siku mbili mama mkwe akaniletea jibu. Mzee amefurahi sana.

Nilielewa kwamba amesikia na amekataa.

Tangu siku hiyo nilimweka baba mkwe kwenye kundi la wazee wabishi. Sikumchukia, ila nilimfungia mlango fulani moyoni. Nilipomsikia akikohoa kule chini akipalilia mizabibu, nilikuwa nikisema peke yangu, endelea, si unajua zaidi ya watu wa Hombolo.

Mizabibu ilikua. Ilikua vibaya sana kwa uzuri. Majani mapana kama sahani, matawi yanarefuka usiku kucha, watu wanapita wanasifia. Mwezi wa nne mizizi inasimama ndani ya maji. Mwezi wa tano ukungu mweupe unapanda kwenye majani. Vichala vikitokea, punje zinakunywa hadi zinapasuka, nyingine zinaota manyoya zikiwa bado kijani. Mzee akiona zabibu hazinenepi vizuri, alidhani mti una njaa. Akaongeza samadi. Mwaka uliofuata akaongeza tena.

Na kila msimu alichagua vichala viwili vilivyopona, vinawekwa kwenye sahani, vinafunikwa kwa jani la mgomba, mama mkwe ananiletea. Nilikula. Vilikuwa maji tu. Nilirudisha sahani ikiwa imeoshwa na kusema ndaga fijo, asante sana, kwa Kinyakyusa changu cha Hombolo. Ningesema nini? Sahani ya baba mkwe hairudishwi na chakula juu yake.

Leo asubuhi nilikuwa namenya ndizi, mama mkwe akaingia jikoni. Hakukaa. Alisimama akishika mlango na akazungumza akiangalia nje.

"Mama Tumpe, mzee amenituma. Anakwenda kuing'oa ile mizabibu, mpunga urudi kabla ya mvua. Anasema umsamehe. Amejaribu, lakini mikono yake imeushinda mti wa kwenu."

Kisu kilisimama. "Mikono yake? Mama, mikono yake imeingiaje? Si nilisema tangu siku ile ya kwanza kwamba ni udongo?"

Akavuta kigoda akakaa, polepole, na nikajua kuna jambo.

"Sikumwambia," alisema.

"Hukumwambia nini?"

"Ulivyosema. Lusajo aliniambia yote, kwamba udongo umezidi uzuri, unataka kibovu. Mwanangu, mzee alikuwa amekwishatoa shamba la baba yake. Kijiji kizima kimeona. Wewe hata wiki hukuwa umemaliza hapa. Ningeanzaje kumwambia mgeni amekataa? Nikamwambia, mkwe wako anasema ndaga fijo."

Nilitaka kupiga kelele, na nitakuwa muongo nikisema sikupaza sauti. Nilimwambia mambo ambayo mkwe hamwambii mama mkwe wake. Nilimwambia mzee amepoteza mpunga wake bure, amejilaumu bure, na mimi nimemdhania mabaya bure. Alikuwa anazungusha ganda la ndizi kwenye vidole vyake na macho yake yalikuwa yamejaa, na ghafla nikamwona jinsi alivyo, mwanamke aliyekaa katikati ya watu wawili wasiozungumza, kila siku anabeba maneno kwenda na kurudi, na siku moja alipunguza mzigo ili mtu asiumie.

Kutoka kule chini tukasikia jembe. Lilipiga mara moja, likanyamaza, likapiga tena.

"Nenda wewe," alisema mama mkwe. "Mimi nikienda hataniamini. Atasema namfariji."

"Niende vipi, mama? Mila ni yenu."

Alisimama, akafuta uso kwa khanga, na nikamwona anatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Mila inasema usizungumze na baba mkwe. Kuhusu mti haisemi kitu. Mti hauna mkwe."

Nikajitanda khanga kichwani na kushuka.

Sikumbuki njia. Nakumbuka nilisimama nyuma ya migomba ya mwisho, pale shamba linapoanza, na kati ya majani niliona kofia ikipanda na kushuka. Mstari wa kwanza ulikuwa tayari umelala chini, mizizi juu. Mizizi yenyewe ilikuwa mifupi, myeusi, imeoza ncha. Nilikuwa nimeijua hali hiyo bila kuiona, lakini kuiona ni kitu kingine. Mti uliokuwa karibu nami bado ulikuwa umesimama. Nikaugeukia, nikampa mzee mgongo, na nikazungumza kwa sauti ya mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Wewe mzabibu," nilisema. Nikaanza upya. "Wewe mzabibu, nimekuja kukueleza. Hukushindwa na mikono ya mtu. Mikono iliyokupanda ni mizuri. Umepewa shamba zuri kuliko yote ya hapa, na hilo ndilo lililokushinda. Wewe kwenu ni kwenye mawe."

Jembe lilinyamaza.

Niliendelea kwa sababu nilijua nikisimama sitaweza tena. Niliueleza mti habari za shamba la Hombolo, sehemu ya juu na sehemu ya chini. Niliueleza kuhusu ndoo ya maji. Niliuambia kwamba samadi ilikuwa ya upendo lakini iliuzidishia majani. Niliuambia kwamba siku ya kwanza kabisa niliomba upelekwe kwenye ardhi mbovu, na ombi halikufika, na aliyelizuia hakuwa na ubaya. Nilikuwa nalia na nadhani mti ulikuwa unaona aibu.

Kisha kikohozi ninachokijua.

"We mti," sauti ilisema nyuma yangu, nzito, ya taratibu, Kiswahili kilichopita kwenye Kinyakyusa kwanza. "Nimesikia huko unaongea na watu. Na mimi nikuulize. Miaka yote hii nilimpelekea mkwe wangu zabibu zako kwenye sahani. Mbona sahani ilirudi tupu?"

"Mti," nilisema, "mwambie anayekuuliza kwamba sahani ilirudi tupu kwa sababu iliyokuja nayo ilikuwa heshima. Zabibu zenyewe zilikuwa maji."

Nilisikia sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akaegemea jembe, nililisikia linazama kwenye tope.

"Ndaga," alisema alipopata pumzi. "Ndaga, we mti. Na mimi nilizionja. Nikasema labda ndivyo walivyo watu wa Dodoma, wanapenda maji kwa kuwa hawana."

Nilicheka huku nimeziba mdomo kwa khanga. Tulisimama hivyo, kila mmoja na mgongo wake, na sidhani kama kuna mtu amewahi kunifurahisha hivyo akiwa haniangalii.

Kisha akauliza mti, huko kwenu mnakaa mahali pa namna gani hasa. Alitaka kujua kweli. Nikaueleza mti: mahali palipoinuka, penye kokoto, maji yakianguka yasibaki, upepo upite kwenye majani yakauke mapema. Udongo usiwe na kitu kingi cha kutoa. Nikasema pia, maana sikutaka tena kumdanganya mtu, kwamba hata hapo pakipatikana, mvua ya Kyela ni ya Kyela na usiku wa joto ni usiku wa joto. Mvinyo mzuri hautatoka hapa. Ila mti ukipogolewa mvua zinapoisha, ukazaa kiangazi, labda mtu anaweza kula kichala kimoja chenye ladha ya kwetu.

Nilimsikia mzee akikwangua tope kwenye jembe kwa kijiti.

"Pale juu kwa wazee," alisema, "pana kokoto tupu."

Nilijua mahali anaposema. Nyuma ya nyumba yake kuna mwinuko mdogo, ndiyo sehemu pekee ya mji huu ambayo mto haujawahi kuifikia, na ndiyo maana makaburi ya familia yako pale. Mimi huwa sikanyagi huko.

"Kila tukichimba," aliendelea, "sululu inatoa cheche. Baba nilimchimbia mwenyewe, siku nzima. Mama vilevile. Maji ukimwaga hayakai. Na upepo wa ziwa unapita pale, hata mbu hakuna." Akakwangua tena. "Pembeni ya mama nimeacha nafasi. Nimeipima yangu, watoto wanaijua. Ni kubwa kuliko ninavyohitaji, niliipima nikiwa bado na mwili. Sasa nimekonda. Mti, kaa pale. Tutabanana."

Niliushika mti kwa mikono miwili.

Alisubiri. Nadhani alisikia ninavyovuta pumzi, kwa sababu alikohoa kile kikohozi cha kuondoka, ambacho miaka yote kimekuwa ishara yangu ya kuingia kichakani. Nikajiandaa kuruka. Lakini hatua zake hazikuja njiani. Nilisikia majani makavu ya migomba yakivunjika upande wa pili. Mzee mwenye mguu mbovu alikuwa anapita ndani ya migomba, anazunguka, ili mimi nipite njiani.

Nilipogeuka shamba lilikuwa tupu. Mkasi wake wa kupogolea alikuwa ameuacha juu ya jiwe, umefutwa tope.

Nimekata vipando kwenye miti iliyobaki, ile yenye matawi yaliyokomaa kidogo. Nimevifunga kwenye gunia bichi kama baba alivyovifunga. Lusajo amepiga simu kutoka mpakani, nimemweleza, akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Baadaye akasema, baba amecheka? Nikamwambia amecheka. Akauliza tena.

Mama mkwe hajanisemesha tangu nirudi, na mimi sijamsemesha, ila ameweka chai yangu hapa kizingitini na sukari ameweka ninavyopenda. Jioni nitamwomba radhi. Yale niliyomwambia jikoni hayakustahili mtu aliyebeba mzigo wa watu wawili.

Sijidanganyi. Kipando kinachotiwa ardhini mwaka huu kitachukua miaka mitatu hivi kabla hakijatoa kichala cha kusema hiki sasa ni zabibu. Nimemsikia akikohoa leo, karibu, bila migomba mingi katikati. Nimesikia jembe linavyombeba badala ya yeye kulibeba. Najua hesabu hiyo inaelekea wapi na sitaki kuimaliza. Kama ujumbe wangu ungefika ile wiki ya kwanza, mizabibu ingekuwa imeshazaa pale juu misimu kadhaa, na sahani ingekuwa inakwenda kwake badala ya kuja kwangu. Ningeipeleka na nisingeona aibu.

Na hilo siyo linaloniuma zaidi. Udongo nilikuwa naujua. Mtu niliyekuwa naishi naye mji mmoja sikumjua. Nilidhani mila imeweka ukuta kati yetu, kumbe mila iliacha mlango mdogo upande wa mti, na hakuna aliyeniambia, na mimi sikuutafuta kwa sababu nilishaamua yeye ni mbishi. Alikuwa mtu wa kucheka. Miaka yote hii kule chini alikuwa mtu wa kucheka, peke yake, anatia samadi.

Mawingu yameshuka kidogo. Mvua si ya leo.

Kesho asubuhi tunapanda kule juu, kila mtu na upande wake. Nimefikiria nitaanzia wapi, na nimeona kazi ya kwanza si kuchimba. Nitasimama pale kwenye kokoto, nitakiinamia kipando cha kwanza, na nitakipa shikamoo kwa sauti ya kusikika. Kisha nitasubiri.